Siku Tisa, Si Mbili

Kaka yangu Yakub alipomwoa Hodo kutoka Eldas na kumleta kwetu Galbet, tulidhani tumeletewa bubu. Kisomali alikiongea nyumbani tu, tena taratibu. Kiswahili hakukigusa. Wiki yake ya kwanza mjini aliomba "babai mbili" kibandani, akitaka mapapai, wateja wakacheka, na mwenye kibanda akamwuliza ana baba wangapi. Toka siku hiyo akitaka kitu alikionyesha kwa kidole, au alinituma mimi, wifi yake, niliyemaliza kidato cha nne.

Mwaka jana mama akapata homa. Alijifunika blanketi mchana wa jua kali, akitetemeka. Hodo ndiye aliyemwosha na kumfulia, na jioni moja akaninong'oneza kwamba mama anakojoa damu, ila amekataza mwanamume yeyote asiambiwe.

Yakub alikuwa safarini Mandera, kwa hiyo mama, Hodo na mimi tulipelekwa hospitalini na Abti Guleid, mjomba wetu, kaka yake mama. Daktari alikuwa kijana wa Kitui asiyejua Kisomali. Abti ndiye aliyesema kwa niaba yetu.

"Ni homa tu. Imeanza juzi."

Hakuwa akidanganya, ndivyo mama alivyomwambia. Daktari akaanza kuandika dawa. Mimi nilijua kila kitu, na Kiswahili ninacho, lakini ningetajaje mkojo wa mama mbele ya kaka yake? Nikatazama sakafu.

"Daktari, ngoja."

Sikuitambua ile sauti mara moja. Hodo alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza.

"Si siku mbili. Siku tisa. Mgongo inauma fibaya sana, hapa." Akajigusa kiunoni. "Na mkojo iko na damu."

Mama akafunika uso kwa shela. Abti akamgeukia Hodo. "Haya ni maneno gani?"

"Nisamehe, Abti," Hodo akamjibu kwa Kisomali. "Kama ni kunigombeza, nigombeze tukifika nyumbani. Sasa niache nimalize."

Abti akatoka nje. Daktari akaweka kalamu chini na kuuliza upya, swali baada ya swali. Hodo alipokosa neno alitumia mikono, na daktari akasubiri.

Zilikuwa figo. Mama alilazwa siku sita, na daktari alituambia kwamba zile dawa za kwanza zisingemsaidia kitu.

Siku mbili Abti hakumsemesha Hodo. Siku ya tatu alikuja wodini na maziwa ya ngamia, akampita mama kitandani, akampa Hodo mkononi. "Wewe ndiye uliyemsemea dada yangu," akasema, akaketi.

Baadaye nilimwuliza Hodo kama hakuogopa.

"Niliogopa sana," akasema. "Lakini zile siku nilikuwa nimezihesabu mwenyewe."

Sasa majirani wakienda kliniki humpitia yeye, hata wale wenye mabinti waliosoma. Kiswahili chake hakijanyooka bado. Jumanne iliyopita alimsindikiza Nurto, jirani yetu mjamzito, nami nikafuatana nao. Karani wa mapokezi alieleza jambo mbiombio na kumwita mgonjwa mwingine. Hodo hakuondoka dirishani.

"Rudia polepole," akamwambia. "Huyu hajaelewa, na mimi sijaelewa."

Karani akarudia.