Zulia Lenye Mteremko

Raya alikuwa na siku tatu tu za kumzuia mama yake asirudi mlimani, na katika mambo yote ambayo angeweza kuyafanya, aliamua kununua zulia. Usimcheke. Ungemwona mama yako wiki nzima anatembea ndani ya nyumba yako kwa kupapasa ukuta, mkono mmoja mbele, anakokota miguu kwa woga, nawe ungetafuta pa kulaumu. Raya aliilaumu sakafu. Ilikuwa ya marumaru nyeupe, inateleza, na asubuhi ilikuwa baridi kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Mama mwenyewe alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ambaye presha ya macho ilikuwa imemzimia jicho moja, kisha la pili. Aliishi peke yake kule juu milimani Uluguru, kupita kijiji cha Towelo, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake, ambayo mama yake naye aliachiwa na mama yake, kwa kuwa Waluguru ardhi yao hupita kwa wanawake. Masika yale aliteleza nyuma ya jiko akaangukia kwenye korongo la migomba, akalala humo tangu asubuhi mpaka alasiri, hadi mpita njia alipomsikia. Raya alipopata habari alipanda mlima analia, akashuka naye hadi nyumbani kwake mjini, Mwembesongo.

Mama alikubali kushuka kwa sharti. Angekaa mjini tangu Alhamisi ile aliyoshuka hadi Jumapili ya wiki ya pili, aone kama patamkalia. Pasipomkalia, anarudi kwake, na mtu asimwambie neno. Sasa ilikuwa imefika Alhamisi ya pili, na kila mwenye akili aliona kwamba hapakumkalia.

Basi Raya akaenda kwenye duka la Abdulswamad, karibu na soko kuu, na kipande cha pazia mkobani ili asikosee rangi. Abdulswamad ni mtu wa maneno mengi, na kuhusu mazulia maneno yake huwa ya kweli. Alimwuliza ukubwa wa sebule. Alimwambia zulia dogo katikati ya chumba kikubwa huonekana kama leso iliyodondoka, kwa hiyo achukue ambalo miguu ya mbele ya makochi italala juu yake. Alimwambia rangi nyepesi hupendeza ila haina siri. Raya alisikiliza yote, kisha akachagua alilolipenda tangu alipoingia: la manyoya marefu, rangi ya maziwa, ukilikanyaga mguu unazama. Aliona kabisa mama yake amekaa juu yake, amenyoosha miguu, ametulia.

Jioni Sufiani, mumewe, dereva wa malori ya miwa ambaye wiki hiyo alikuwa mapumzikoni, alilitandaza. Lilijaa sebule karibu ukuta kwa ukuta. Raya akamshika mama mkono, akamvua kandambili, akamwachia katikati kama mtu anayemwonyesha mgeni zawadi.

Bi Mwanahawa alisimama. Vidole vya miguu vilizama, akavikunja, akavikunjua. Kisha mikono yake yote miwili ikanyanyuka mbele yake.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Sebuleni, mama."

"Sebuleni najua. Nauliza ni wapi."

Raya hakulielewa swali. Mama akasema zulia ni zuri, ni laini, Mungu amzidishie. Akaomba ashikwe mkono arudishwe chumbani. Mlangoni akauliza kama usafiri wa Jumapili umeshapatikana. Raya akasema bado.

Ijumaa Raya, ambaye kazi yake ni kushona nguo, alifunga cherehani yake mapema. Alirudi nyumbani wakati watu wa sala ya Ijumaa wanatawanyika msikitini, akaingia bila kelele, akasukuma mlango wa chumba cha mama. Alimkuta mama anasali. Shida ni kwamba alimkuta uso kwa uso. Mama alikuwa ameketi juu ya mswala, shahada kidoleni, amemwelekea yeye Raya aliyesimama mlangoni, na mlango ule hutazama mawio ya jua. Kibla cha nyumba ile kiko dirishani. Kila mtu wa nyumba ile anajua hivyo.

Raya hakuthubutu kupita mbele yake wala kurudi nyuma. Aliganda pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu mama ashuke mlimani akauona uso wake ukiwa hauna woga. Ulikuwa uso wa mtu anayejua anakoelekea. Mama akatoa salamu kulia na kushoto, akafuta uso kwa viganja.

"Shikamoo mama," Raya akasema polepole.

"Marahaba. Leo umewahi."

Angeweza kunyamaza, na wengi tungenyamaza. Lakini Raya alilelewa na mwanamke huyu huyu, na kumficha jambo la sala aliona ni kumwibia. Akapiga magoti.

"Mama, nani alikuonyesha kibla?"

"Nionyeshwe kibla?" Bi Mwanahawa alikuwa karibu kuchukia. "Tangu nipate akili sijamwuliza mtu. Kibla ni bondeni. Nyumba yetu imekaa kwenye mteremko, sakafu nayo inashuka, tangu enzi za bibi yangu. Ukikanyaga chini unajua wapi juu, wapi chini, na chini ndiko kibla. Nyumba zote za kwetu ni hivyo. Na hapa kwenu sakafu inashuka kidogo, kuelekea hapo ulipo wewe. Kidogo sana, lakini inashuka."

Raya alitazama sakafu. Ilikuwa sawa kama meza. Akaenda jikoni, akarudi na ndimu, akaiweka katikati ya chumba, akaiachia. Ndimu ilitulia. Kisha, kama iliyokumbuka jambo, ikaanza kuviringika polepole mno, ikaja moja kwa moja hadi mlangoni ikagota kizingiti.

Raya aliiokota ndimu. Miaka sita alikuwa anapiga deki chumba kile, maji yakitoka yenyewe mlangoni, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini. Fundi aliyeweka marumaru aliachia mwinuko wa upana wa kidole ili maji yasituame, basi. Macho ya watu wa nyumba nzima hayakuuona. Nyayo za kikongwe kipofu ziliuona siku ya kwanza, zikauamini, kwa sababu mahali zilipotoka mteremko haujawahi kudanganya.

Akamweleza. Alimweleza akiwa amemshika mikono, na alianza kwa kusema kwamba Mungu huipokea sala ya aliyejitahidi.

"Kwa hiyo siku nane nimeuelekea mlango," Bi Mwanahawa akasema.

"Ndiyo, mama."

Kikongwe aliupapasa mswala. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Sala Mungu anajua mwenyewe," akasema hatimaye. "Hilo silo linaloniliza. Macho yalipoondoka sikulia, nilisema nina miguu. Kule kwangu hata homa ikinipanda, nikishusha mguu kitandani najua nilipo. Hapa hata miguu imenidanganya. Nimekuwa mzigo umewekwa ndani ya nyumba, mwanangu, na mzigo haujui umewekwa wapi. Na jana umenitandikia kitu kisicho na juu wala chini."

"Nitakuwa nakugeuza mimi. Kila wakati wa sala."

"Mara tano kwa siku, kama mtoto anayefundishwa? Hapana, mwanangu. Jumapili nirudishe."

Jumamosi Raya alilikunja zulia la maziwa, likaingizwa kwenye bajaji, yeye na mama wakabanana pembeni. Kwenye ukuta wa duka la Abdulswamad pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba mali ikishauzwa haitarejeshwa. Abdulswamad alipomwona kikongwe anateremshwa akatoka mwenyewe mlangoni, akamwamkia, akasema maandishi yale ni ya wateja wengine.

Raya alitaka tu zulia jembamba lisilomchanganya mama, hakuwa na wazo kubwa zaidi. Alimwacha mama asimame kidogo, akageuka kuzungumza na mwenye duka. Bi Mwanahawa alisikia chini ya kandambili zake kwamba amesimama kwenye zulia la watu. Akavua, kwa adabu, akazishika mkononi. Akapiga hatua mbili, akasimama. Akarudi hatua mbili. Akaenda tena.

"Raya," akaita. "Hili linateremka."

Abdulswamad alicheka. "Bibi, sakafu ya hapa imepimwa kwa pimamaji. Hakuna mteremko."

"Sisemi sakafu. Nasema hili. Linateremkia huku." Akanyoosha mkono wenye kandambili kuelekea barabarani.

Abdulswamad aliendelea kucheka kidogo, kisha akaacha. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya zulia kuelekea barabarani, kikateleza. Akakirudisha, kikakwaruza. Akainuka polepole.

"Nyuzi hulala upande mmoja," alimwambia Raya kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. "Tangu kiwandani. Ndiyo sababu ukilitazama huku linang'aa, ukizunguka ng'ambo linakuwa na giza. Miaka ishirini nauza vitu hivi, naangalia kwa macho. Sijaona mtu anayejua kwa kukanyaga."

Akataka kuhakikisha. Akatandaza zulia lingine, akaligeuza huku na huku, akamwongoza mama juu yake. Bi Mwanahawa alitembea hatua tatu, akaonyesha upande. Abdulswamad akainama, akapapasa, akatikisa kichwa kwa mshangao. Akatandaza la tatu. Wateja wawili waliokuwa wakipatana bei ya pazia wakaacha. Mama mmoja mwenye kapu la mboga akaingia kutoka barabarani kuona kuna nini, akabaki amesimama. La nne, la tano. Hakukosea hata mara moja, na hakuonyesha kwamba anafanya ajabu yoyote. Alikuwa anapita tu mashambani mwake, hili limelala mno, lile halijui linakoenda.

Raya alimtazama mama yake na kuona aibu na fahari kwa pamoja. Siku zote hizo alidhani anamlinda mtu asiyeona. Kumbe dunia nzima ilikuwa na mashavu na migongo, miinuko na mabonde ambayo yeye mwenye macho mawili alikuwa akiyakanyaga bila kujua. Alitamani kupiga magoti pale pale dukani.

Mama alichagua la nyuzi fupi, ngumu, zilizolala kama majani ya mpunga yaliyopigwa na upepo. Rangi yake ilikuwa ya tope, na pembezoni kijani kibichi. Raya aligusa kile kipande cha pazia ndani ya mkoba, akakiacha humo humo.

Nyumbani Sufiani alitoa simu, akatafuta kibla kwa programu ya simu. Wakalitandaza nyuzi zikilala kuelekea huko, na kwa kuwa mjenzi wa nyumba hakuwa amejenga kwa kufuata kibla, zulia lilikaa mshazari, pembe moja inaichungulia televisheni, nyingine inaingia chini ya meza. Makochi ilibidi yasogezwe. Sufiani akalitazama, akasema watu watadhani tumelitupa. Raya akamwambia wadhani.

Kisha akamleta mama hadi ukingoni, akauachia mkono wake, akarudi nyuma.

Bi Mwanahawa aliingia kwa mguu wa kulia. Akasimama, akausikiliza mguu. Akapiga hatua, nyingine, akageuka, akapandisha, akateremka. Mikono iliyokuwa mbele yake siku tisa ikashuka taratibu, ikaning'inia ubavuni kama mikono ya mtu yeyote. Akatembea hadi ukingo wa chini, dole gumba likagusa marumaru, akageuka akarudi katikati peke yake. Hakugusa ukuta. Sufiani, ambaye si mtu wa kusema sana, alisema Allahu Akbar, kwa kunong'ona.

Raya alivua viatu, akasimama pembeni ya zulia, akafumba macho, akajaribu. Mara ya kwanza hakusikia kitu, zulia tu. Akatulia, akaburuza wayo polepole, huku, kisha huku, na ghafla ukawapo. Laini upande mmoja, ukinzani upande wa pili. Sebule yake mwenyewe ilikuwa na juu na chini. Kwa nyuma yake, juu, alihisi Uluguru wote umesimama, na mbele yake dunia inashuka kwenda kaskazini, inakwenda tu, mpaka Makka. Alifumbua macho haraka.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Bi Mwanahawa alitawadha, akarudi, akautandaza mswala wake mwenyewe juu ya zulia, na hakuna aliyemgeuza. Alisali kwa muda mrefu. Raya alikaa sakafuni nyuma yake, akingoja, akiogopa kusikia habari ya Jumapili.

Mama alipomaliza hakuinuka. Alikaa amenyoosha miguu, viganja vimetulia juu ya nyuzi za zulia.

"Raya."

"Abee mama."

"Ndiyo kwanza nimefika. Mbona mwenyeji wangu haniamkii?"

Raya alisogea kwa magoti mpaka mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanahawa akajibu, akaweka sawa ushungi wake kama mgeni aliyetua mzigo. "Haya, nipe habari za hapa."