Kumsubiri wa Tano

"Rudisha tairi, bwana! Rudisha tairi ndani!"

Nikaivuta baiskeli nyuma kwa nguvu zangu zote, na basi likapita mbele ya magoti yangu, karibu kiasi cha kusoma maandishi madogo ya mlangoni. Niliporudi nyuma, tairi la nyuma nalo likachungulia upande wa pili. Lori la kokoto likapiga honi iliyoniingia mpaka kwenye meno.

"Igeuze! Ifuate tuta, kama sisi," akasema yule yule aliyenipigia kelele, muuza mikate mwenye kreti mbili nyuma ya baiskeli yake.

Nikaigeuza. Ndipo nilipoona kwamba wote wanne niliowakuta pale walikuwa wamepanga baiskeli zao kwa mstari, moja nyuma ya nyingine. Hakuna aliyeweza kusimama akielekea anakokwenda. Tuta lile la katikati ya barabara lilikuwa na upana wa mita moja na sentimita ishirini, na baiskeli ina mita moja na themanini. Kipimo cha baiskeli nilikijua asubuhi ile. Cha tuta nilikuwa nakijua siku nyingi, maana niliyelichora ni mimi.

Wakati ule nilikuwa mhandisi wa barabara katika ofisi ya jiji, nina miaka thelathini na minne, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Ofisini tulikuwa na vibao vya plastiki vya kuchorea: gari dogo, basi, lori, lori lenye tela. Unakiweka kibao juu ya ramani, unakizungusha, unaona kama kona inatosha. Cha baiskeli hakikuwapo, na katika miaka yangu yote pale sikumsikia mtu akikiulizia. Tuta lilitakiwa kubeba nguzo za taa tu, na nguzo haivuki barabara.

Anayevuka alikuwa dada yangu.

Dada alinilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa, na kila asubuhi alinipakia kwenye keria ya baiskeli ile ile, nimemshika kiuno, akanishusha langoni mwa shule ndipo aende kwenye kazi yake ya ushonaji. Nikishuka makalio yananiuma na nalalamika. "Nyamaza, utakuja kupanda gari," ananiambia. Nikaja kupanda gari kweli. Kisha nikapata kazi ya kuyachorea magari njia, na njia hiyo ikapita kati ya mlango wa nyumba yake na geti la hospitali aliyokuwa anaishonea mashuka. Njia tatu huku, njia tatu kule. Zamani alikuwa anafika kwa dakika mbili.

Wiki moja kabla ya asubuhi ninayoisimulia, tairi lake liliteleza kwenye ukingo wa tuta, akaanguka, akavunjika mkono wa kushoto. Nilipopata habari sikulala. Kesho yake niliingia ofisini na kuchora uzio wa chuma wa kufunga kabisa ule mwanya ambao watu walikuwa wanavukia. Nilichora kwa upendo, nisiseme uongo. Ulibaki kutiwa sahihi yangu tu, na mkubwa wangu aliutaka mezani kabla ya saa kumi, siku ile ninayoisimulia.

Nilipitia kwa Dada kwenda kazini, nimpe habari njema. Nikamkuta anafunga mzigo wa mashuka kwa mkono mmoja na meno.

"Unakwenda wapi na plasta hiyo?"

"Kazini. Mashuka hamsini haya wanayapokea mwisho saa mbili. Wiki jana nilichelewa kwa sababu ya huu mkono, wakaniambia nikichelewa tena kazi wanampa mwingine."

"Nitakupelekea kwa gari."

Dada akacheka, cheko lile la mtu aliyeumwa na jino. "Kwa gari? Mpaka uende kwenye mzunguko, ugeuke, urudi kwenye foleni hii, itakuwa saa mbili na nusu. Na geti lile pale, nalitazama nikiwa nimesimama jikoni kwangu."

Nikamwambia kuhusu uzio. Kwamba hataanguka tena pale, wala mtu mwingine.

Akaacha kufunga kamba. "Nitavukia wapi?"

"Kuna daraja la juu, Dada."

"Lina ngazi sitini na mbili. Baiskeli nibebe kichwani?"

Mimi nikishindwa hujifanya mwanamume. Nikakunja mikono ya shati, nikamwambia baiskeli niliijulia hiyo hiyo, mzigo nitaupeleka mwenyewe, na yeye akae anywe chai yake. Akanitazama toka viatu mpaka nywele. "Haya," akasema. "Mwana kulitaka."

Upande wa kwanza niliuvuka kwa bahati tu, kwa sababu basi lililokuwa limeharibika lilikuwa limeziba njia zote tatu. Mara likawaka, likaondoka, na magari yakafunguka nyuma yangu kama maji. Kurudi nikawa siwezi. Ilikuwa saa moja na robo.

"Wa tano huyo!" akasema muuza mikate kwa furaha, akigonga kengele yake. "Haya jamani, tumetimia."

Ndivyo nilivyojifunza utaratibu wao. Upande wa kwanza mtu hupenya peke yake foleni ikikwama, lakini upande wa hospitali gari halimsimamii mtu mmoja, wala wawili. Wanne hupigiwa honi. Lakini watano wakishuka kwa pamoja, bega kwa bega, na kengele zinalia, dereva hukanyaga breki, kwa sababu kugonga watano ni habari nyingine. Kwa hiyo kila asubuhi walisimama pale juu wakimsubiri wa tano. Muuza mikate alikuwa ndiye kiongozi, kwa kuwa kengele yake ndiyo iliyolia kuliko zote. Wengine walikuwa muuguzi wa hospitali ile ile, mwalimu aliyebana suruali kwa vibanio vya nguo, na fundi bomba aliyebeba mabomba yake mgongoni.

"Nikisema twende, twende. Usisite, usitazame. Mmoja!"

Miguu yangu haikutii. Naandika hili nikiwa mzee na bado naona aibu. Wenzangu wanne walishuka hatua moja, wakaniona sijashuka, wakarudi haraka huku taksi ikitukana kwa honi.

"Vipi, kaka?"

"Kiatu," nikasema.

Tukajaribu tena. Niliweka mguu mmoja chini, nikaona taa za lori zinakuja, nikaurudisha. Mwalimu akatazama saa yake kwa adabu, na adabu hiyo iliniuma kuliko tusi. Fundi bomba yeye alikuwa na la kusema, ila si kwangu.

"Aliyechora barabara hii hana mama?"

"Huyo hakuzaliwa," akajibu muuza mikate. "Alishushwa kwenye gari."

Wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

"Mimi nikimpata simpigi," muuza mikate akaendelea. "Simtukani hata. Namleta hapa, namsimamisha saa moja tu. Saa moja, basi."

Mwenzao mwingine akafika akisukuma baiskeli yake, kijana wa kubeba maji ya chupa, wakawa watano bila mimi. Kabla ya kushuka, muuguzi akanigeukia. Aliliona jina la hospitali kwenye mashuka, na pengine aliuona uso wangu.

"Nipe mzigo wako nikufikishie. Keria yangu iko tupu, na mlango wa kupokea napita mbele yake."

Neno moja tu, "shika", na mambo yangekuwa mengine. Nikamwambia, "Ahsante dada, naweza."

Wakashuka. Kengele zikalia, breki zikalia, wakafika ng'ambo. Nikabaki na mashuka hamsini na nguzo ya taa.

Mtu akikuambia hofu hupungua ukiizoea, mwulize alisimama wapi. Mimi ilizidi. Kulia magari, kushoto magari, na kila moja liliacha upepo wake kwenye shati langu. Mlango wa Dada niliuona. Geti la hospitali niliona mpaka mlinzi akipiga miayo. Kwenye ramani yangu nafasi ile ilikuwa mistari miwili ya wino, na katikati yake nilipaka rangi ya kijani kwa sababu nilifikiri tutapanda majani. Wakaja watu wengine, wakatimia, wakavuka, wakaja wengine. Kila kundi lilinihesabu, kisha likajifunza kutonihesabu. Saa mbili ilinikuta pale pale, nikasikia kengele ya hospitali ya kubadilisha zamu.

Baada ya saa mbili muuza mikate akarudi, kreti tupu, anakwenda kuchukua mikate ya pili. Akapanda tutani na kundi lake, akanikodolea macho.

"We bwana! Bado upo?"

Nyuma yetu breki zililia, nikageuka, nikamwona Dada. Alikuwa amevaa kandambili za ndani, na mkono wenye plasta ameuinua juu, mweupe pe, kama askari wa barabarani. Hakukimbia. Magari yalisimama kwa mshangao tu, nadhani. Akapanda tutani, akanishika bega, akautazama mzigo, kisha akautazama mlango wa kupokea.

"Mnajuana?" akauliza muuza mikate.

"Ni mdogo wangu," Dada akasema. "Mhandisi. Barabara hii ndiye aliyeichora."

Nilitamani tuta lipasuke linimeze. Watu wanne wakanitazama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sikusikia magari. Muuza mikate akainua mkono wake polepole, akatazama saa.

"Umefika hapa saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

"Sasa ni mbili na kumi na tisa." Akatikisa kichwa. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Saa yake ameimaliza na chenji. Tumvusheni."

"Mwekeni katikati," akasema mwanamke mmoja mwenye ndoo nyuma ya baiskeli. "Akitufia leo, nani ataifuta barabara hii?"

Wakacheka, na mimi machozi yakanitoka. Dada akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, kama alivyokuwa akinivusha kwenda shule.

"Shuka," akaniambia.

Nikashuka. Walinizunguka, kengele zikilia pande zote, na muuza mikate na wenzake, ambao hawakuwa na shida ya upande ule tena, walivuka nasi halafu wakalazimika kurudi na kuanza upya kumsubiri wa tano.

Mlango wa kupokea ulikuwa umefungwa. Karani alifungua dirisha dogo, akasikiliza, akasema pole mama, kazi imeshapewa watu wenye gari lao. Dada akasema haya. Miaka kumi na minne ya kuishonea hospitali ile iliishia kwenye neno hilo. Tulirudi nikisukuma baiskeli na mzigo wake, na yeye ndiye aliyekuwa ananipa pole. Tuta tulilipita na watu wengine watatu. Mpaka mlangoni kwake nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, lakini hakutaka kuyasikia.

"Mashuka yatapata kitanda," akasema. "Kalamu unayo wewe. Nenda kazini."

Saa tisa na nusu mkubwa wangu aliuliza sahihi iko wapi. Chini ya mchoro wa uzio, mahali pa jina, niliandika: Siidhinishi. Baiskeli haikupimwa. Akasoma mara mbili, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nimesimama pale. "Kila mtu amesimama mahali," akanijibu, na Jumatatu nikahamishiwa chumba cha majalada, hakina dirisha, nikakaa humo miaka mitatu nikipanga ramani za watu wengine. Nilipokuwa humo nilikata kibao cha plastiki kwa kisu, mita moja na themanini kwa kipimo cha ramani, nikakitoboa tundu na kukitundika ukutani. Wachoraji vijana wakawa wanakuja kukiazima, kwanza kwa dhihaka.

Uzio haukujengwa, kwa kukosa sahihi. Taa ya kuvukia ilikuja mwaka wa sita, baada ya barua za mwalimu zisizokwisha. Tuta likapanuliwa, mita tatu. Kisha njia moja kati ya zile tatu ikatolewa, ikawa ya baiskeli, na jiji likaendelea hivyo, kidogo kidogo, kwa ugomvi. Siku hizi wageni wanakuja na kamera kuniuliza ni nini hasa kinachoufanya mji uwe mzuri kwa mtu wa baiskeli wa kila siku. Wanataka upana, rangi, aina ya lami. Nawapa. Halafu nawauliza wao: kwenu, gari linawasimamia watu wangapi? Wanadhani ni utani wa mzee.

Dada ana miaka sabini na sita. Hospitali hakuishonea tena, alishona sare za shule mpaka macho yakamkataa, lakini baiskeli hajaiacha. Mwezi uliopita tulikwenda pamoja kununua uzi, yeye mbele, mimi nyuma nikihema. Tukafika tutani, taa ikawa nyekundu, tukasimama. Baiskeli zetu zilielekea tunakokwenda. Pembeni yetu hapakuwa na mtu.

Taa ikageuka. Magari yakasimama, njia zote, na Dada akashuka peke yake bila kutazama kulia wala kushoto, akavuka taratibu kwa mwendo wake wa kizee, hakuna aliyepiga honi.

Mimi nilikuwa bado juu. Nimeshika breki zote mbili, natazama nyuma kama kuna anayekuja, nahesabu.

Alipofika ng'ambo akageuka, akaweka mkono mdomoni.

"We mtoto! Unamsubiri nani?"

Nikashuka.