Habari Aliyoambiwa Ng'ombe

Wifi yangu Yunis alikuwa mkaidi kuliko mifugo yote ya baba, nami nilimpenda hivyo hivyo. Alibatizwa misheni ya Matema mwaka uleule Wajerumani walipomchukua kaka yangu, mumewe, kubeba mizigo, na tangu hapo hakutuacha tupumue. Kila aliyekutana naye alihubiriwa, hata wanawake wa Kikisi waliokuwa wakipanga vyungu vyao sokoni Lyulilo.

Mtu mmoja tu hakuweza kumwambia: baba yangu Nsajigwa, mkwe wake. Kwetu siku zile mke wa mwana hakumtazama baba mkwe usoni, wala kusema naye, wala kuingia alimo. Yunis akimsikia anakohoa njiani, alijitupa migombani na kujifunika nguo kichwani. Na sasa baba alikuwa anaumwa kifua, anakwisha tukimwona.

"Mwambie wewe, wifi," akanisihi. "Akiondoka hajaambiwa, nitamjibu nini Mungu?"

"Mimi siyajui hayo yenu. Mlete Sadoki."

Mwinjilisti Sadoki akaja. Baba akajifanya amelala mpaka mgeni alipokwenda zake.

Asubuhi moja nilikuwa ndani namkanda baba mgongo, nikamsikia Yunis nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, pale tulipomfunga ng'ombe mwenye ndama. Alikuwa anamkatia majani huku akimsimulia, kwa sauti ya kufika ziwani, jinsi Mungu alivyoumba ulimwengu. Niliona aibu. Baba akafumbua macho.

Kesho yake ikawa zamu ya Nuhu, kisha Ibrahimu. Hapo baba akaugeukia ukuta, akasema na ng'ombe wake: "Muulize huyo anayekulisha, Ibrahimu alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Yunis akamweleza ng'ombe kwamba walikuwa wengi mno, hata Ibrahimu na Loti, mtoto wa ndugu yake, wakashindwa kulisha pamoja.

"Ndaga, ng'ombe wangu," baba akashukuru, akacheka hadi akakohoa.

Jamani, siku zile. Majani mabichi yananukia, ndizi zinachemka chunguni, na wale wawili wanazungumza kupitia ng'ombe, wakiulizana na kutaniana. Ningepewa siku moja ya ujana wangu niirudie, ningechagua mojawapo ya hizo. Tulipofika kwa Yakobo na mifugo yake ya madoadoa, baba hakutaka tuondoke. Kila asubuhi aliagiza habari hiyo irudiwe. Mimi nilifurahi, lakini Yunis alikuja kwangu jikoni analia.

"Mifugo ya Yakobo inamchelewesha," akasema, "na msalaba bado uko mbali."

Kisha baba akaishiwa sauti, na masikio yakaziba. Yunis alisema na ng'ombe mpaka koo likamkauka. Ndani baba hakusikia kitu. Mchana ule akaja akasimama mlangoni, nguo kichwani.

"Ukiingia, watu watasema umemvunjia heshima mkwe wako," nikamwonya.

"Watasema," akajibu. Akaingia, akapiga magoti, paji la uso chini kabisa.

Baba akamwona. Nilidhani atamfukuza, maana mkono wake ulikuwa bado na nguvu ya kuinuka. Badala yake akaanza kujigeuza, kwa shida, akikataa nimsaidie, mpaka uso wake ukagusa ukuta. Kisha akaupeleka mkono nyuma, akaashiria kwa vidole: sogea.

Yunis akasogea, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akamwambia yote aliyokuwa ameyaweka: msalaba, msamaha, kaburi tupu. Aliharakisha, akarudia, akaharakisha tena. Baba hakugeuka. Jua lilipokuwa linashuka akakata roho.

Watu wa misheni walimuuliza Yunis miaka mingi, hadi amezeeka, kama mkwe wake aliamini. Walitaka sana aseme ndiyo, na mimi pia nilitaka.

"Sijui," aliwajibu. "Uso wake sikuuona. Alinipa mgongo ili niweze kusema, nami nikasema."