Sura ya Timothée

Huko Bulengera, mtaa wa Butembo, Jokébed alijulikana kwa picha za harusi. Kaka yake alimletea kamera kutoka Kampala, ile nyeusi ya kubadilisha lenzi, ya bei nafuu kuliko zote za aina yake, nayo ilimtosha. Ilikuwa nyepesi; aliweza kuivaa shingoni tangu ibada mpaka watu wanapokata keki, na betri haikumwangusha. Juani ilitoa sura safi hata bibi harusi akaona uzi wa shela yake. Ila ndani ya nyumba yenye giza ilikuwa taabu. Lenzi ilihangaika mbele na nyuma ikitafuta pa kushika, picha zikajaa chembechembe kama zimemwagiwa mchanga, na akiwasha flashi, uso wa mtu ulitoka mweupe, hauna pua wala mashavu. Jokébed aliijua tabia hiyo. Ndiyo maana maharusi wake wote aliwatoa nje.

Mwisho wa mwaka 2014 waasi waliingia kijiji kimoja nyuma ya Oicha, mji mdogo karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, wakaua watu kwa mapanga. Major Aristote, ofisa wa upelelezi aliyeletwa Beni kutoka Kasai, alimtuma mtu wa pikipiki kumchukua Jokébed Butembo. Alitaka maiti wapigwe picha, jamaa wawatambue kwa picha, bila kuingia walimolazwa.

Walikuwa wamelazwa katika ghala la kakao lisilo na dirisha wala umeme. Jokébed aliomba watolewe uani, kwenye mwanga. Major alikataa, alisema watu wakiona walivyo wengi watakimbia mji. Basi Jokébed alijifunga kitambaa puani, akaingia. Picha alizopiga bila flashi zilikuwa ukungu mtupu. Alizopiga kwa flashi zilionyesha nguo vizuri, na nyuso zikawa nyeupe. Alimwambia Major kwamba picha hizo hazifai kumtambulisha mtu. Major alijibu kwamba ndizo zilizopo, akamwagiza akae mlangoni awaonyeshe watu kwenye kioo kidogo cha kamera.

Kati ya waliopanga mstari alikuwamo Agar, mjane wa Oicha. Mwanawe pekee, Timothée, alikwenda shambani siku ya mauaji na hakurudi. Jokébed aliwafahamu wote wawili. Pasaka iliyotangulia aliipiga picha kwaya ya kanisa lao, na Timothée alisimama mstari wa mbele, na kovu lake juu ya nyusi.

Agar alipitia picha zote, kisha akarudi kwenye moja.

“Shati ni yake,” alisema. “Ya kijani, na mufuko moja.”

“Mama Agar, usiangalie shati. Flash imefuta sura. Hapa hata miye siwezi kumujua mutu.”

Alijaribu kuikuza picha ile ili walitafute kovu. Kadiri alivyoikuza ndivyo uso ulivyovunjika vipande. Agar aliwatazama watu wa mtaa wake wakibeba waliofungwa kwenye mashuka.

“Jirani yangu amepata wake, anamuzika leo,” alisema mwishowe. “Miye nirudie nyumbani na nini? Muandike ni Timothée.”

Alimzika jioni hiyohiyo, jeneza likiwa limepigwa misumari. Kesho yake Major alisoma majina ya marehemu kwenye redio, na jina la Timothée lilikuwamo.

Mvua zilipoanza kupungua, Timothée alitoka msituni. Alikuwa amekonda, miguu imevimba, mabegani ana vidonda vya kamba. Wanajeshi wa kizuizi cha Oicha walimkamata kabla hajafika kwa mama yake. Alipotaja jina lake walicheka. Mtu huyo alikuwa na kaburi. Wakamwita Major, na Major akamwita Jokébed kwa sababu ya picha zake.

Agar alifika mbio. Mikononi alishika picha ya kwaya, ile ya Pasaka. Aliiweka mbele ya Major, akamwonyesha kovu la kwenye picha, kisha akamgeuza mwanawe ili Major aone kovu lenyewe. Picha ile ilipigwa adhuhuri. Hata mishono ya kovu ilihesabika.

Major aliangalia picha, akaangalia kovu, bila haraka.

“C'est lui, ni yeye,” alisema. “Hakuna mashaka. Sasa, kijana, uniambie. Wenzako bote balikatwa. Weye ulibakia muzima juu ya sababu gani?”

“Waasi balinibebesha chumvi na masufuria yabo. Nilikimbia.”

“Balikuachilia ukimbie?”

Agar alianza kusema kwamba mwanawe ni mwimbaji, hajui bunduki. Major alimwambia kwa upole kwamba anamshukuru, maana yeye ndiye aliyethibitisha kwamba aliyesimama pale ni Timothée, na asingekuwa Timothée, aliyepona peke yake siku ile, labda angemwachia. Kisha akamwamuru Jokébed ampige picha.

Jokébed alisema betri imekwisha. Major alichukua kamera mwenyewe, akaiwasha, ikawaka. Akamrudishia. Askari mmoja alimsimamisha Timothée ukutani, jua likimpiga usoni, mikono imefungwa nyuma. Jokébed alipiga mara moja, na ilitosha. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizopiga mwaka ule.

Major aliwapa picha hiyo watu wa redio na wa mitandao, pamoja na maneno ya kwamba mshirika wa wauaji amekamatwa. Ikaruka simu hadi simu, Beni, Butembo, mpaka Kanyabayonga. Wiki zikapita. Huko Beni mwendesha mashtaka alimhoji Timothée, hakuona kosa, akamwachia mchana kweupe aende zake. Hakuna aliyemwambia kuhusu picha.

Aliingia sokoni kutafuta pikipiki ya kumpeleka Oicha. Mwanamke mmoja muuza mihogo alimtazama, akatoa simu, akamtazama tena. Hakupiga kelele; alimwonyesha jirani yake tu. Waliomzunguka walikuwa watu waliozika ndugu zao katika mauaji ya miezi ile. Timothée aliwaambia kwamba wanamfananisha. Walimwinua kidevu juani, wakalilinganisha kovu. Kisha walimpiga mawe, wakamwekea matairi, wakayawasha moto. Polisi walipofika hapakuwa na mwili wa kumpelekea mama yake.

Jokébed alipata habari akiwa kwenye harusi, Butembo. Alimaliza kazi, kwa kuwa maharusi hawakuwa na kosa, na kesho yake akaenda Oicha.

Alimkuta Agar makaburini pamoja na mwanamke mgeni. Huyo aliitwa Hulda, ametoka Kanyabayonga. Mumewe, Sadrack, alikuwa mchuuzi wa kakao aliyekuja kununua Oicha, na tangu siku ile ya mauaji hakuonekana. Alikuwa amesikia kwamba Oicha kuna kaburi lenye mtu asiye mwenye jina lililoandikwa juu yake. Mumewe naye alikuwa na shati la kijani.

Hulda aliomba kuiona picha ya ghalani. Jokébed alimwonyesha. Aliishika kamera kwa muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

“Dada, weye ulimuona na macho yako. Sura yake ilikuwa namna gani?”

Jokébed alimwambia ukweli, kwamba ghala lilikuwa na giza na yeye hakuthubutu kuangalia kwa macho, aliangalia kwa kamera. Hulda akamgeukia Agar. Aliomba kaburi lifunguliwe. Alimjua mumewe kwa meno, angemtambua hata sasa.

“Hapana,” Agar alisema.

“Mama, huyu si wako. Wako alikufa Beni, kila mutu anajua.”

“Wa Beni balimuchoma, sikupewa hata mufupa. Huyu nilimulilia, nilitoa suruali ya mutoto yangu bamuvike. Ni wangu. Rudia kwenu.”

Jokébed alijaribu kumsihi. Agar alimpa mgongo. Hulda alipiga magoti, akachota udongo kidogo wa kaburi, akaufumba kiganjani. Agar aliinama, akakifumbua kile kiganja kidole kimoja kimoja, akakung'uta udongo ukarudi chini, kisha akavipangusa vidole vya yule mwanamke kwa pindo la kitenge chake mpaka vikawa safi.

Mchana huo Hulda alipanda lori la mbao kuelekea kusini, kwao Kanyabayonga.