Oili Iliyorudishwa Ndani

Mama alimtazama mwanawe kupitia dirisha la jikoni, akabetua midomo. Mtu mzima mwenye ndevu alikuwa amechuchumaa uani mbele ya beseni la kufulia, anachuja oili nyeusi ya gari kwa foronya. Wala si foronya kuukuu. Ilikuwa ya mama mwenyewe, ile yenye maua.

Majirani walimwita Injinia. Walianza kwa utani, yeye akalipokea jina kwa mikono miwili, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na roho ya kumnyang'anya. Kazi yake hasa ilikuwa kuuza rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Gari lao, lililoachwa na marehemu baba yake, alilipenda kupita kiasi: alilifuta vumbi kwa fulana laini, akalisemesha, akanuna jua likilichoma. Kwa kuwa hakuwa ameoa, mama alizoea kumwuliza kila asubuhi, "Mkwe wangu kaamkaje?" Injinia hujibu kwamba kaamka salama, na uso wake mkavu kama ubao. Hapo ndipo dharau ya mama ilipozidi, maana mtu asiyejua kuwa anachekwa humchosha hata anayemcheka.

Hata hivyo, uhai wake mama ulitegemea gari hilo. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na mara tatu kwa wiki ilimbidi afike hospitali, damu yake isafishwe kwa mashine. Daktari hakumficha: akikosa siku moja, maji yatamjaa mpaka kifuani. Akichelewa, kitanda anapewa mgonjwa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi. Kesho ilikuwa siku yake, na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vimemkataa.

Ndiyo maana alitoka uani akishika ukuta, akauliza kulikoni.

Injinia alieleza kwa furaha. Amenunua dawa ya kusafisha injini. Ameimimina kwenye oili, akaliacha gari likinguruma hapo hapo lilipo, kisha akafungulia oili yote ikatoka na uchafu wake. Sasa anaichuja ili airudishe.

Mama aliokota kopo la dawa. Lilikuwa na picha zimepangwa mstari mmoja. Mtu anamimina dawa. Injini inanguruma. Oili chafu inatoka. Na ya mwisho, mtu yuleyule anamimina oili yenye rangi ya asali kutoka kwenye dumu jipya. Mama hakuwahi kushika usukani maishani mwake, lakini macho alikuwa nayo.

"Hii hapa ni mpya," alisema, kidole kikiwa juu ya picha ya mwisho.

"Ni ileile, Mama. Ila imeshasafishwa."

"Ikageuka asali?"

"Picha hiyo. Picha lazima waipambe." Injinia alijifuta jasho kwa kiwiko, akajipaka oili kwenye paji la uso. "Wewe mwenyewe damu yako inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Umewahi kuona wakikutia mpya? Na mbona unatembea?"

Mama alitafuta jibu, akalikosa, na hilo lilimuudhi kuliko foronya. Mambo ya injini hakuyajua, na damu kweli ilirudi. Kila safari aliitazama ikirudi. Alifyonya, akaingia ndani. Katika sala ya jioni alimshukuru Mungu kwa kumjalia mtoto wa kiume, kisha akamwuliza, kwa heshima zote, kama siku ile hapakuwa na mwingine wa kuchagua.

Asubuhi gari liliwaka. Injinia alimgeukia mama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi, akamtaka asikie jinsi linavyopumua. Hawakufika mbali. Taa nyekundu ikajitokeza mbele ya usukani, na mama akataka kujua inasema nini. Injinia akamwambia ni taa ya oili, asiwe na wasiwasi. Ilikuwa imezoea uchafu, sasa imeshtuka.

"Imeshtuka," mama alirudia polepole, kama anayeonja kitu kilichochacha.

Alimwambia asimame. Injinia akasema watachelewa, akaendelea. Kisha injini ikaanza kugonga, kama kuna mtu kafungiwa ndani anadai afunguliwe. Walipofika kwenye kilima ilitoa mlio mmoja mzito, gari likazima. Injinia alifungua boneti, akachungulia, akaifunga, akaifungua tena, kana kwamba mara hii angekuta injini nyingine.

Mama hakumsubiri. Alishuka, akasimama kando ya barabara na miguu yake iliyovimba, akapunga fimbo yake ya kutembelea mbele ya gari la kwanza lililotokea. Ilikuwa pikapu iliyosheheni magodoro. Dereva wake alimpandisha mbele. Nafasi ya pili haikuwepo. Kwenye kioo cha pembeni mama alimwona mwanawe amelala kifudifudi juu ya magodoro, kashikilia kamba kwa mikono miwili, shati limejaa upepo.

"Yule ni nani wako, mama?" dereva aliuliza.

Mama alifikiri kidogo. "Ni Injinia," alijibu.

Hospitalini walimkuta muuguzi anamtandikia mgonjwa mwingine shuka. Alimtazama mama, akaitazama ile miguu, akaguna, akampa kitanda.

Siku zote Injinia alimfikisha mama mlangoni tu, akarudi kukaa na gari lake. Alisema damu humtia kizunguzungu. Yote aliyoyajua kuhusu mashine ile aliyachungulia kwenye kioo cha mlango: bomba jekundu linakwenda, bomba jekundu linarudi. Leo hakuwa na gari la kukaa nalo. Aliingia, akasimama kando ya kitanda, rangi imempotea. Ndipo akaliona bomba jingine, jeupe, linaloshuka hadi kwenye tundu la maji machafu. Akauliza la nini.

"Huo ndio uchafu wenyewe," muuguzi alisema bila kugeuka. "Tunaingiza maji mapya muda wote, yanabeba uchafu, tunayamwaga. Hayo hayarudi kwa mtu."

Mama aliona maana ikimfikia Injinia taratibu, kama mzee anayepanda ngazi. Tangu kule kilimani alikuwa amejiandalia maneno, na kati yake lilikuwamo swali moja tamu kuhusu hali ya mkwe wake. Alifumbua kinywa alitoe. Lakini mwanawe alikuwa ametoa jasho, mkono umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, kucha nyeusi tii, macho kwenye damu ya mama yake. Na hakuwa anaondoka.

Swali la mkwe likaahirishwa.

"Vuta kiti," alisema. "Kaa. Usiguse kitu."

Injinia akavuta kiti, akaketi, na mikono yake akaikalia.