Fulana ya Kamanda Kwangu

Baba yangu, Kamanda Kwangu, alikufa mwaka 1984 akiwa na mashati mawili na redio mbovu. Mwaka 1992 akafufuka kwenye fulana. Rashidi, mfanyabiashara wa Mukendo, aliipata picha aliyopigwa baba aliporudi kutoka vita vya ukombozi kusini, kofia imekaa upande, ndevu kama za beberu, akaichapa kwenye fulana za mitumba. Zikauzwa Musoma, zikauzwa Bunda, hata Butiama gulioni vijana wakazivaa. Wengi wao walidhani ni mwanamuziki.

Sikuchukia. Nani asiyependa baba yake apendwe? Ila mimi niliyemfulia nguo nilijua yaliyobaki nje ya picha. Mwaka 1974, katika operesheni ya vijiji, baba ndiye aliyewahamisha watu wa upande wetu wa Suguti, na waliogoma aliwachomea nyumba. Aliamini kwamba shule na bomba la maji vinakuja, na kweli vilikuja. Bomba lilikauka miaka ile tuliyopanga foleni ya sabuni. Shule ipo mpaka leo.

Sasa mwanangu Thadeo akampenda Marieta wa Suguti, mjukuu wa Bibi Nyamburi. Na nyumba ya kwanza kuchomwa ilikuwa ya Nyamburi. Nilimweleza Thadeo yote. Nikamwambia siku ya posa tuingie kwa adabu, habari za babu yake tumwachie mshenga, yeye ajue atakavyozitaja. Akaitikia vizuri. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulitoka Bweri asubuhi, mimi, Thadeo na mshenga wetu, Mzee Wambura. Thadeo alikuwa amevaa koti, limefungwa vifungo vyote. Tukapokewa, tukakaa, Mzee Wambura akaanza maneno yake ya kutafuta mtamba aliyepotea. Bati lilikuwa linawaka joto. Kijana akafungua koti, na baba yangu huyo, kifuani pake, akawa anamtazama Bibi Nyamburi.

Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua posa imekufa, na aliyeiua ni mwanangu mwenyewe kwa kupenda kujidai.

"Sogea hapa," bibi akamwambia.

Thadeo akasogea, akapiga goti. Bibi akaivuta fulana karibu na macho yake.

"Hawajaweka kovu. Hapa, juu ya jicho. Nilimpigaga na mwiko, siku ile amekuja na kiberiti."

"Picha ni ya kabla, mama," nikasema kwa sauti ya kuomba radhi.

"Kumbe. Basi hakunirudishia. Alijifuta damu, akanitolea mtama wangu wote nje, gunia kwa gunia, halafu ndo akachoma. Kesho yake akaja kunijengea mwenyewe. Nyumba ya ovyo, ilikuwaga inavuja mpaka kitandani." Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Nyumba nilishamsamehe. Lakini kaburi la mama yangu lilibaki kule mahameni, na alikataza watu kurudi. Nilimwomba mara tatu anipeleke. Akawa ananiambia tu, mama, tuangalie mbele."

"Nisamehe, bibi," Thadeo akasema. "Mimi niliona ni fahari."

"Fahari ipo. Na kaburi lipo."

Akamgeukia Mzee Wambura. "Ng'ombe mtaongea na wanaume. Mimi ninachotaka, huyu kijana anipeleke kule nikapalilie. Na hiyo fulana anipe."

Jumamosi tulikwenda. Mahame yalikuwa yamefunikwa na vichaka, Thadeo akafyeka mbele kwa panga mpaka tukayaona mawe ya kaburi. Bibi Nyamburi alivua kitenge alichojitanda begani. Chini yake alikuwa amevaa ile fulana juu ya gauni, inamfika mapajani.

"Itachafuka, mama," nikamwambia.

"Nimemleta. Zamani tulimwitaga, hakuja."

Akainama, akaanza kung'oa magugu kwa mkono, jasho likimlowesha baba uso mzima. Machozi yakanitoka, sikuyaficha. Nilimpenda baba yangu, na nilimwonea aibu, vyote kwa pamoja. Nikapiga magoti upande wa pili wa kaburi, nikamwambia bibi pole, neno ambalo baba hakuwahi kumpa.

"Palilia kwanza, mwanangu," akanijibu.