Mawingu ya Mnarani

Foleni ya kupanda mnara ilikuwa inasonga vizuri, na kila iliposonga Bi Mkasi aliwapisha watu wa nyuma yake huku akisaga meno. Mama yake alikuwa amekata kauli: hapandi mtu mpaka kaka mkubwa afike.

“Nyote nimewazaa mimi,” mama alisema, amekaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, pochi yake mapajani. “Siwezi kwenda kustarehe na mmoja, mwingine nimemwacha barabarani.”

“Mama, huyo hajaachwa na mtu. Amejiacha mwenyewe.”

Bi Mkasi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo hakulipata kwa kukata vitambaa peke yake. Ulimi wake nao ulikuwa unakata. Kaka yake alikuwa kinyozi. Wateja wake walimbatiza Kesho, maana hiyo ndiyo siku aliyokuwa anaahidi kila kitu. Asubuhi walipotoka nyumbani anga lilikuwa jeupe na safi kama shuka lililotoka kufuliwa. Sasa mawingu yalikuwa yanakuja kwa makundi, na kilele cha mnara kilikuwa kimeanza kumezwa.

Na hiyo safari haikuwa ya kuchezea. Wiki iliyotangulia daktari wa macho alikuwa amewaita Bi Mkasi na Kesho pembeni, mama akiwa bado anavaa viatu, akawaambia mishipa ya macho inakufa na hakuna dawa ya kuifufua. Ukungu utaanza na vitu vya mbali, alisema, kisha utasogea karibu kidogo kidogo, na mwaka hautaisha kabla haujamfikia. Wao wakatoka na tabasamu la bandia, wakamwambia mama ni uchovu tu, apunguze kushona usiku. Ndivyo walivyolelewa: katika nyumba ile mama haambiwi neno baya. Hata baba alipokuwa taabani kitandani, mama aliambiwa ni mafua. Kwa miaka mingi alikuwa ametamani jambo moja, kuuona mji mzima kwa mara moja, kutoka juu ya huu mnara uliojaa kwenye kalenda. Bi Mkasi aliapa atauona wakati bado kuna macho ya kuuonea.

Kesho akatokea, ananukia manukato, viatu vinang’aa kupita vya bwana harusi.

“Ulikuwa wapi?”

“Mteja alikuja dakika za mwisho. Ningemwacha na kichwa nusu? Haraka haraka haina baraka, dada.”

“Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Angalia juu!”

Kesho aliangalia juu, akaingia kwenye foleni.

Mlangoni mlinzi alimpekua Bi Mkasi, akaiona sindano aliyokuwa ameichomeka kwenye kola, akaichukua. Alijaribu kueleza kuwa fundi hutembea na sindano kama mwalimu na chaki. Mlinzi akamwonyesha kibao cha vitu vilivyokatazwa. Mbele kidogo mpiga picha aliwasimamisha mbele ya kitambaa cha kijani. “Tabasamu, familia!” Bi Mkasi hakutabasamu. Ndani ya lifti masikio yaliziba, na muziki wa kinanda ukaimba bila huruma mpaka juu.

Mlango ulipofunguka, hapakuwa na mji. Vioo vilianzia sakafuni hadi darini, na nyuma yake palikuwa na weupe mtupu. Wageni walikuwa wanapiga picha huo weupe kwa kukosa cha kufanya. Bi Mkasi alitamani kumsukuma Kesho na viatu vyake.

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Kisha akasema polepole, “Basi. Siku imefika.”

“Siku gani, mama?”

“Ya kupofuka. Vya mbali vimeondoka. Naona kioo, nawaona nyinyi. Huko mbele sioni kitu.”

“Ni mawingu, mama,” alisema Kesho haraka. “Hata sisi hatuoni.”

“Ni mawingu, kweli,” alidakia Bi Mkasi.

Mama aliwageukia, akacheka kicheko kikavu. “Na baba yenu alikuwa na mafua.”

Wakati huohuo binti wa duka la picha alipita akawakabidhi picha yao ya kule chini, imeshachapishwa. Mama akaisogeza karibu na pua. Wao watatu walikuwa wamesimama mbele ya anga la buluu, jua linawaka, mji mzima umetandazwa nyuma yao, paa kwa paa.

“Picha ya leo hii,” mama alisema. “Jua hilo. Mji huo. Mnataka niamini mawingu?”

“Hiyo wameibandika tu, mama, ile picha ya nyuma ni ya zamani!” Kesho alikuwa anatokwa na jasho, na kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo.

Bi Mkasi alimtazama mama yake, na akaelewa kuwa hata aape mpaka jioni, neno lake halina thamani tena. Wamelitumia vibaya mno.

“Mama,” alisema. “Daktari alisema macho yako yanakufa. Hakuna dawa. Ukungu utaanza mbali, na mwaka hautaisha kabla haujakufikia. Tulikuficha. Hilo ni kweli. Na haya ni mawingu. Hilo nalo ni kweli.”

Kesho aliziba mdomo kwa mkono. Mama alimkazia macho binti yake, akayaona machozi yote yakiteremka, moja moja.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” mama alisema hatimaye. Alipangusa kioo kwa upindo wa nguo yake, kana kwamba uchafu ulikuwa upande wake. “Kumbe ni mawingu.”

Akavuta benchi mbele ya kioo, akakaa, akampa Kesho pochi aishike.

Mlinzi wa huko juu alikuja kwa adabu kuwaambia muda wao umekwisha, washuke, kuna wengine wanasubiri. Kesho alifungua mdomo, na uso wake ulionyesha wazi kuwa uongo ulikuwa tayari.

“Nyamaza,” Bi Mkasi alimwambia. Akamgeukia mlinzi. “Mama yangu anapofuka. Hatuondoki mpaka mawingu yaondoke.”

Mama hakugeuka. Alikuwa anaangalia mbele.